Mshale Uliosimama Kwenye Nyekundu

Jana jirani alifungua rejeta ya gari lake, na harufu ya maji moto yenye kutu ikanifikia nikianika nguo. Ilinibidi niketi.

Nilikuwa mdogo, kwenye van kuukuu ya Baba, tukitoka Nakuru kwenda Nairobi kumwona Mama hospitalini. Shosho, nyanya yangu, alikuwa kwenye kiti cha nyuma, akiomba kwa sauti ya chini. Tulipoanza kupanda mlima baada ya Mai Mahiu, mshale wa kipimo cha joto la injini uliruka ghafla hadi kwenye nyekundu. Baba akaegesha kando.

"Tungoje injini ipoe," alisema. "Ikiungua hapa, hatutafika kabisa."

Tulingoja sana. Malori yalipita yakinguruma. Kila Baba alipowasha swichi, mshale ulikuwa palepale. Mwishowe alifunika mkono kwa sweta, akafungua rejeta, uso kaugeuza kando. Maji yalikuwa tele, vuguvugu, yakinuka kutu. Akaufuata waya wa kipimo kwa kidole hadi mahali ulipochubuka ukagusa chuma. Alipouchomoa, mshale ulianguka.

"Kumbe injini haikuwa na neno," alisema. "Ni waya tu."

Aliendesha kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona kwake.

Nesi alitukuta mlangoni mwa wodi. "Pole sana, mzee. Ametuacha sasa hivi tu. Alikuwa anauliza kama mmefika."

Shosho alipiga yowe. Baba hakulia. Aliketi sakafuni pale mlangoni, watu wakawa wanamruka wakipita, na hakuna aliyemwambia ainuke.