Juisi ya Mzee Ombui

Mongina ni afisa wa afya ya umma huko Boito, na ingawa ni mama wa watoto wawili, kila mtu humwita bwana afya. Amekagua hoteli, vyoo vya shule na matangi ya maji. Mahali ambapo hakuwahi kukagua ni bomani kwa baba mkwe wake, Mzee Ombui, aliyehamia Boito kutoka Kisii akiwa kijana wa kuchuma chai.

Jumanne moja msimu wa mvua, muuguzi wa zahanati alimpigia simu. Watu kumi na tisa wanaharisha, karibu wote wanakwaya wa kanisa, na Jumapili walikuwa wamealikwa kula kwa Mzee Ombui.

Mongina akashika daftari, akaenda nyumba kwa nyumba akiuliza nani alikula nini na amekwenda choo mara ngapi. Waimbaji wa besi walisisitiza kwamba ni mafua tu, na mmoja alisema hivyo akiwa ndani ya choo. Hata hivyo jambo moja likawa wazi. Wali na nyama walikula wote, lakini waliokunywa chai walikuwa wazima. Waliougua ni wale wa juisi, na juisi aliikoroga Mzee mwenyewe kwa maji ya chemichemi yake.

Hapo kazi ikawa ngumu. Kwa mila yao, mke wa mtoto hazungumzii mambo ya tumbo mbele ya baba mkwe. Mongina alisimama nyuma ya ukuta wa jikoni, Mzee akiwa ameketi upande wa pili uani.

"Baba, leo nimekuja kama serikali."

Mzee akafikiri kidogo. "Basi serikali iongee. Mke wa mwanangu asisikize."

Serikali ikauliza kama aliinywa ile juisi. Mzee akajibu kwamba vitu baridi vinamuumiza meno, yeye alikunywa chai. Halafu akasema maji yake hayana shida, ameyatumia miaka arobaini. Mkewe, Nyanchoka, akasema kutoka ndani kwamba miaka hiyo yote hajawahi kumwona akiyanywa bila kuchemshwa. Ni chai asubuhi, chai mchana, chai jioni.

Mongina akapeleka maji ya chemichemi maabara, na majibu yalionyesha vijidudu vya kinyesi. Ng'ombe wa Mzee walilala mteremkoni, juu kidogo ya chemichemi, na mvua ilikuwa inateremsha kila kitu. Ng'ombe wakahamishwa, chemichemi ikajengewa saruji na bomba, na watu wakaambiwa wachemshe maji ya kunywa.

Mzee alizunguka akiomba msamaha kwa wanakwaya wote. Walipoalikwa tena, alisimama mlangoni na jagi na sabuni, akamrudisha pasta kunawa mara ya pili kwa sababu alikuwa amelowesha vidole tu.

Mwezi jana majirani wawili walikuja ofisini kulalamika kwamba Mzee anafunua sufuria zao kuangalia kama maji yamechemka. Mongina akawauliza kama yalikuwa yamechemka. Mmoja akasema ndiyo. Mwingine akasema yeye alikuwa karibu kuwasha moto.