Mwandike Peke Yake

Bafe ni nyoka asiye na haraka. Hata akishakuuma hakimbii, anajikunja palepale kama mwenye shamba. Mama alikuwa ametia mkono chini ya lundo la ndengu zilizokuwa zikikauka uwanjani, akauchomoa upesi na kusema "Aiya," kama mtu aliyechomwa na mwiba. Kisha akaketi chini. Tulipoligeuza lundo tukamwona.

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, katika shamba letu huku chini ya Mbumbuni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na Jumamosi za mavuno huenda nyumbani kuwasaidia mama na Susu. Susu kwa Kikamba ni nyanya, lakini huyu hakuwa mama ya mama yangu wala mama ya baba yangu. Susu ndiye aliyemwoa mama.

Naeleza, maana najua kuna watakaonyanyua nyusi. Susu hakujaliwa kuzaa. Mume wake alipofariki na nyumba ikabaki bila mtoto, alifanya jambo ambalo Wakamba wamelifanya tangu zamani: alitafuta mke. Alivuka mto Athi akiwa na mbuzi, akafika kwa kina mama yangu upande wa Kitui, akaposa. Mwanamke anayeolewa hivyo huitwa iweto. Hakuna habari za chumbani kati yao. Kuna nyumba tu, na jina, na shamba lisilokosa mrithi. Watoto anaozaa iweto ni wa nyumba ya aliyemwoa. Waliotuzaa sisi kwa upande wa kiume ni habari nyingine, na kwetu haikuwa ya kuulizwa. Kanisani wawili hawa waliketi benchi moja miaka yote, na wachungaji walikuja wakahamishwa bila hata mmoja kuthubutu kuligusa jambo hilo. Walimwogopa Susu. Mimi pia namwogopa, na nimepita miaka arobaini.

Basi tulimpakia mama kwenye bodaboda, katikati yangu na dereva. Mkono wake wa kulia niliushika juu ya paja langu, nao ulikuwa ukivimba huku nikiuona. Pete yake ya shaba ilikuwa imeshazama ndani ya nyama. Dereva aliruka mashimo na makorongo, nami nikimfokea aende mbio, halafu nikimfokea aende polepole. Maskini yule mtu alivumilia.

Hospitali sitaitaja, kwa sababu watu wake hawakuwa wabaya na ningependa hilo lieleweke mapema. Muuguzi alitupokea mlangoni. Alimlaza mama, akakata pete kwa koleo, akamtundikia maji. Kisha akachukua kalamu ya wino mweusi na kuchora mstari mahali uvimbe ulipofika, kwenye kifundo cha mkono, akaandika saa kando yake: nne kasoro dakika kumi.

"Nikichora mwingine hapa juu mapema sana, tuna shida," akasema. "Dawa ya nyoka tuko nayo, mwalimu. Iko kwa friji ya famasia. Kimbia dirishani umwandikishe, famasia haitoi bila namba. Hii sumu inakula nyama. Kila dakika ni nyama."

Nikakimbia. Nilifurahi hata, kumbe dawa ipo! Kwetu nyoka ni wengi na dawa ni chache, na nimewahi kuzika mtoto wa darasa langu aliyezungushwa hospitali tatu.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Miaka kadhaa iliyopita watu wa kuandikisha kadi za matibabu walikuja kwenye baraza la chifu, na kila kaya ikaambiwa ije na vitambulisho. Susu alivaa kofia yake ya kanisani. Karani akamuuliza mkuu wa kaya ni nani, akasema ni yeye. Akaulizwa mwenzi wake ni nani, akamwonyesha mama kwa kidole. "Yule pale. Nilimwoa." Karani alicheka. Alicheka kwa sauti, mbele ya watu, akasema hapo pa mwenzi hapaandikwi mwanamke na mwanamke. Akamwambia amwandike kama binti, Susu akasema sikumzaa. Kama mke wa mwanawe, basi. Susu akauliza mwana yupi. Karani mwishowe akasema haya, yule mama aandikwe peke yake, apewe kadi yake kama mtu asiye na familia, shida iko wapi?

Susu alirudisha kitambulisho cha mama ndani ya fundo la leso yake. "Mwanamke niliyemtolea mbuzi wa ntheo," alisema, "haandikwi kama mtu aliyeokotwa njiani."

Ntheo ni wale mbuzi wa kwanza wanaofunga ndoa. Bila hao, hata ukilipa ng'ombe mia, hujaoa. Na mke akiachwa, mbuzi wa ntheo hurudi. Kwa hiyo kwa Susu hili halikuwa jambo la karatasi. Alipewa kadi yake mwenyewe, mama akabaki bila, na mimi nilikuwepo. Nilisema moyoni kwamba nitarudi siku nyingine kimyakimya nimwandikishe. Sikurudi. Mama hakuwa mtu wa kuugua.

Sasa dirishani nilimkuta mwanamke wa rika langu, mpole, mwenye miwani. Akaniomba kitambulisho cha mgonjwa. Nikapapasa mfuko, nikapapasa kifua, nikakumbuka kiko wapi. Kilikuwa kwenye fundo la leso ya Susu.

Nilipiga simu nyumbani, jirani akanijibu kwamba Susu ameshapanda pikipiki anakuja. Susu, mwenye zaidi ya miaka themanini, ambaye alikuwa ameapa kwamba kitu chenye magurudumu mawili hatakikalia! Nilirudi wodini. Muuguzi alikuwa amechora mstari wa pili, nusu ya njia kuelekea kiwiko. Saa nne na nusu. Vidole vya mama vilikuwa vimeanza kugeuka rangi, na malengelenge yametoka mgongoni mwa mkono. Aliniangalia na kuuliza kama ndengu zimeanikwa upya au zimeachwa tu.

Susu aliingia akiwa amejaa vumbi hadi kwenye kope. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akafungua fundo kwa meno, akaweka vitambulisho viwili sambamba.

"Huyu ni mimi," akasema. "Huyu ni mke wangu. Mpe dawa."

Karani wa miwani hakucheka, na nitamshukuru kwa hilo maisha yangu yote. Alijaribu. Niliona akiandika, akibofya, akingoja. Kompyuta ikatoa maandishi mekundu. Akajaribu tena.

"Sistem imekataa, susu. Inasema mwenzi hawezi kuwa wa jinsia moja."

"Iambie ni iweto."

"Haijui iweto."

"Basi haitujui," Susu akasema.

"Naweza kumwandika peke yake. Dakika mbili tu, namba inatoka, dawa inatoka. Nimwandike peke yake?"

"Hana peke yake. Ana boma."

Na hapa ndipo nilipokosea, na nitalisema wazi. Ningeweza kukinyakua kile kitambulisho na kusema, ni mama yangu, mwandike vyovyote. Badala yake nilimgeukia karani. Juu ya kichwa chake kulikuwa na bango linalosema kila mtu ana haki ya matibabu ya dharura. Nililisoma kwa sauti, neno kwa neno, kwa ile sauti ninayotumia na Darasa la Sita. Nikamwambia Katiba inasema hivyo hivyo, kwamba mtu hawezi kunyimwa matibabu ya dharura, na kwamba hakuna mahali inaposema kwanza tuambie umeolewa na nani. Nikamuuliza kama afya ni haki au ni zawadi ya wenye fomu nzuri. Watu kwenye foleni wakaitikia. Mzee mmoja akasema, "Sema, mwalimu!" Nami nikazidi kusema.

"Hata mimi nimelisoma hilo bango," karani akajibu taratibu. "Kila asubuhi nikiingia. Sasa niandike nani, mwalimu? Niambie nibofye wapi."

Nikapaza sauti zaidi. Nilidai mkubwa wake. Mkubwa wake hakuwepo, ilikuwa Jumamosi. Akampigia simu, simu haikupokelewa. Akaenda mwenyewe hadi famasia kuomba, akarudi akitikisa kichwa. Mfamasia alikuwa amewahi kutoa dawa bila namba na barua ya onyo ilikuwa bado mezani kwake.

Ukweli ni kwamba nami sikutaka mama aandikwe peke yake. Shuleni nikiwa mdogo waliniimbia kwamba baba yangu anavaa leso. Nilipigana sana utotoni kwa ajili ya wimbo huo. Nilijifunza kujibu kwamba mimi ni wa nyumba ya fulani, yenye mbuzi waliotolewa mchana mbele ya mashahidi. Kama mama hana mtu, mimi nimetoka wapi? Kwa hiyo nilipokuwa napigania haki ya mama pale dirishani, nilikuwa napigania na yangu pia, na yangu haikuwa imeumwa na nyoka.

Muuguzi akatoka wodini. Hakusema na mimi, alisema na Susu, kwa Kikamba, kwa heshima ile ya mkwe. Alimwambia mstari umepita kiwiko. Saa tano na dakika ishirini. Akamwambia hana tena matumaini na vidole viwili, na kama sumu ikifika begani haitakuwa tena habari ya vidole.

Mlango wa wodi ulikuwa wazi nyuma yake. Kutoka dirishani hadi kitanda cha mama hapakuwa na hatua kumi.

Susu alishika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili. Nilidhani anaanguka, nikamsogelea, akanisukuma kwa kiwiko.

"Mwandike peke yake," akasema.

Karani akauliza, kwa sababu fomu ilimtaka aulize: "Ana mume?"

"Hana."

"Kuna mtu anamtegemea, ama yeye anategemea mtu?"

"Hana mtu," Susu akasema. Akasema kwa sauti kubwa, kama mtu anayetoa ushahidi kortini. "Ni mwanamke tu. Hana mtu."

Dakika mbili, kama alivyoahidi. Namba ikatoka, karani akaiandika kwenye karatasi na kukimbia nayo mwenyewe, viatu vikimtoka. Kabla ya saa sita dawa ilikuwa inaingia mwilini mwa mama tone kwa tone. Mistari ya kalamu ilikoma chini kidogo ya bega. Nilikaa kando ya kitanda nikiihesabu tena na tena, ule wa kifundo, ule wa katikati, wa kiwiko, wa juu. Kati ya wa pili na wa tatu ndipo nilipokuwa nasoma bango. Nilishinda hoja ile, na foleni nzima ilikuwa upande wangu.

Mama alikatwa vidole viwili, cha mwisho na kile kinachofuata. Baada ya majuma matatu alirudi nyumbani na kadi mpya. Ina jina lake na picha yake, na panapoandikwa wanakaya pana nafasi nyeupe tupu. Ameihifadhi ndani ya kopo la majani chai. Inafanya kazi vizuri sana. Akienda kusafishwa kidonda, anaitoa, anapokelewa, hakuna anayemuuliza lolote. Ukimuuliza mtu yeyote wa hospitali ile, atakuambia mama yangu alipata haki yake, na si uongo. Lakini mimi naona haki ikianza kwa kuuliza wewe ni wa nani, imeshakuwa kitu kingine. Mwaka huu nilipofika kwenye somo hilo, wanafunzi walikariri kwa pamoja kwamba afya ni haki ya kila mtu, wakaningoja niseme vizuri sana. Niliwaambia wafungue ukurasa unaofuata.

Susu hakutulia. Mama aliporudi, kwa siku nyingi alimpitia kwa mbali, akimwekea chakula na kuondoka. Kisha asubuhi moja akachagua mbuzi watatu kutoka zizini, akakodi gari dogo na kuvuka Athi hadi kwa kaka yake mama, mjomba wangu. Mjomba alinipigia simu amechanganyikiwa. Mbuzi wa ntheo wa mama waliliwa kabla yeye hajaota ndevu, sasa hawa ni wa nini? Susu alikuwa amemjibu kwamba ndoa aliivunja kwa mdomo wake, mbele ya watu, na amekuja kuifunga tena. Mjomba hakuelewa, lakini hajazaliwa Mkamba wa kurudisha mbuzi. Akawapokea.

Jioni hiyo nilikuwa nyumbani. Mama alikuwa ameketi na ungo mapajani, akichambua ndengu zilezile, akizitoa mawe kwa vidole vitatu vilivyobaki. Susu akaja akasimama mbele yake, bado na vumbi la safari, akamwambia mbuzi wamefika.

Mama aliendelea kuchambua.

"Nilikusikia siku ile pale dirishani," akasema. "Mlango ulikuwa wazi."

Susu akaanza kusema kwamba hakuwa na namna, kwamba ile kompyuta ndiyo ilimlazimisha. Mama akatoa jiwe, akalitupa uwanjani.

"Nilikuwa nangoja useme niandikwe," akasema. "Nilikuwa naangalia ile kalamu imefika wapi, na nawasikia nyinyi wawili, wewe na boma lako, na huyu na Katiba yake. Nikasema moyoni, mbona wanachelewa hivi?"

Akautikisa ungo, akainama tena.