Upande Aliokuwa Akielekea Baba

Baba alipoanza kutoroka, mimi nilikuwa nimeshachoka. Nafundisha fizikia shule moja ya Kasese, na tangu kichwa chake kianze kumpotezea siku na majina, alikuwa akiishi kwangu Bulembia. Ukigeuka kuchota maji, hayupo. Uwii! Unaacha sufuria motoni, unavaa ndala, unaanza kumtafuta mtu mzima.

Maisha yake yote alikuwa mpagazi, akiwabebea watalii mizigo kutoka Nyakalengija kupanda Rwenzori. Wapagazi wana mwendo wao: hawakimbii, hawasimamisimami. Mwendo ule haukumtoka, ndiyo maana hakuna aliyemzuia njiani. Alionekana mtu aliyetumwa kazi. Na kwa kuwa ni mpagazi, sote tulimtafuta mlimani. Mpagazi mzee ataenda wapi tena? Mimi, mwalimu mzima, nilipiga hesabu: spidi yake naijua, saa aliyotoka naijua, basi hawezi kuwa mbali zaidi ya hapa. Tunapanda Nyakalengija kwa bodaboda, kisha jioni tunapigiwa simu kuwa yuko upande mwingine kabisa. Safari moja alikutwa Kinyamaseke, barabara ya Bwera. Dereva wa lori alimhurumia akampa lifti.

Kaka yangu akasema inatosha, tutie kufuli getini.

"Utamfungia baba kama mbuzi?" nikamuuliza.

"Kwani wewe unataka agongwe na gari?"

Nilikuwa nimechoka hata kulia kulinishinda.

Wiki hiyo nilikuwa nafundisha tofauti ya spidi na velositi. Spidi inakuambia mtu anakwenda haraka kiasi gani, halafu inanyamaza. Velositi inakuambia hilohilo, na inaongeza upande anaoelekea. Wawili wakitoka mjini kwa spidi moja, huyu akielekea Fort Portal na yule Bwera, spidi zao ni sawa, velositi zao si sawa hata kidogo. Msichana mmoja wa mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na mutu hajui anaenda wapi, iko na velositi?"

Darasa likacheka. Nikamjibu kwa ukali, maana sikuwa na hamu ya utani. "Velositi haimuulizi kama anajua. Inatazama tu anaelekea wapi."

Nikabaki nimeshika chaki. Ukiwa na spidi peke yake, unachora duara, halafu umtafute mtu duara zima. Na mimi, jamani, siku zote nilikuwa nachora duara, halafu nabahatisha upande wa mlima, wakati kila tulipompata baba, uso wake ulikuwa upande mmoja: barabara ya Bwera. Kule ndiko alikozaliwa, na kule yuko dada yake, shangazi yetu, aliyebaki na shamba la kahawa la babu. Baba hakuwa anapotea. Alikuwa anakwenda kwao.

Jumamosi nilikodi gari, nikamwomba kaka asubiri kwanza na kufuli lake. Njia nzima baba alikaza macho barabarani. Tulipofika, shangazi alitoka jikoni, mikono imejaa unga wa muhogo.

"Wewe! Ulichelewa wapi?" akamuuliza, kana kwamba alimtuma sokoni asubuhi.

Baba akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tumlete Bulembia. Akakaa kwenye kigoda, akavua viatu mwenyewe. Tulikunywa chai, jua likageuka, hakuinuka. Shangazi akanivuta pembeni.

"Mwache hapa. Na wewe ukalale, mwanangu. Hebu jiangalie hayo macho."

Nilifurahi, na iliniuma, vyote kwa pamoja. Nilipokwenda kumuaga baba, alinishika mkono kwa mikono yake miwili, kwa heshima, kama anavyoshikwa mgeni.

"Asante kunileta, mama," alisema. "Sasa wahi kurudi kwenu. Baba yako asibaki na wasiwasi."