Nilivyomrudishia mgeni wetu chupa yake ya CBD, na mambo ya kuuliza kabla hujanunua yako

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Naandika diary tangu nikiwa mdogo, lakini mbele ya watu sauti inakauka. Leo nimefungua uzi kwa sababu kwenye grupu la WhatsApp la watu wa Tanga tuliopo Joburg nimeitwa mtoto asiye na adabu, na habari yenyewe imepindishwa. Nawapa ilivyokuwa, hata pale panaponiumbua.

Nina miaka kumi na saba, niko Grade 11, tunakaa Fordsburg. CBD sijawahi kuionja na sina mpango, si kitu cha watoto. Ila nimeisoma kuliko wote walionizomea.

Baba yangu ni mlinzi kwenye jengo la ofisi huko Marshalltown. Kusimama zamu nzima kumemla magoti. Akirudi anapanda ngazi za flati yetu ameegemea ukuta, na mimi najifanya sioni, maana hapendi kuonewa huruma.

Sasa kuna mtu namwita Anko Mbwana. Si ndugu wa damu, ni mtu wa nyumbani. Anapita nyumba za Watanzania akiuza udi, marashi, asali na mafuta ya habasoda.

Kwa msiojua maisha ya huku: mtu wa kwenu akikuuzia kitu, humuulizi kakitoa wapi. Ukiuliza umemwita tapeli. Unapokea, unamshukuru, unamwekea chakula.

Jumapili akaja. Kala pilau, kanawa, kajilaza kwenye mto, halafu akatoa kwenye begi chupa nyeusi yenye picha ya jani.

"Shemeji, hii ndiyo habari ya mjini. CBD. Goti, presha, sukari, usingizi, hata mawazo, inamaliza yote. Kijiko asubuhi, kijiko usiku, kama habasoda tu."

Mama akaitazama. "Mbona ina jani la bangi?"

"Bangi gani Shemeji! Kilevi chote kimetolewa. Mie nikuletee haramu ndani mwako?"

 Baba akaipokea ile chupa. Wakuu, sijui niwaelezeje alivyoishika. Kama mtu aliyepewa mtoto mchanga.

Nikaomba niione, nikaenda nayo jikoni na simu yangu.

Hapa nisimame kidogo niwaeleze wageni wa mambo haya. Huo mmea una vitu vingi ndani. CBD haileweshi. THC ndiyo inayolewesha, na ndiyo inayotafutwa mtu anapopimwa mkojo.

Chupa ikiandikwa "full spectrum", maana yake wameweka vyote vya mmea, na THC kidogo imo. "Broad spectrum" wamejaribu kuiondoa THC. "Isolate" inatakiwa iwe CBD peke yake. Na ukikuta "hemp seed oil", hayo ni mafuta ya mbegu, ya kula kwenye saladi. Hata yaandikwe namba kubwa kiasi gani, usitegemee CBD humo.

Ya Anko iliandikwa full spectrum. Milligram za CBD hazikuandikwa. Batch number, ile namba ya toleo, hakuna. Kiwanda hakuna. QR code ilikuwepo, nikaiskani, ikanipeleka kwenye ukurasa wa kuuza viatu.

Eish.

Halafu kijiko! Haya mafuta watu wanatumia kwa matone, chini ya ulimi, wanaanza na kidogo sana. Sisi kwa kuwa tumezoea habasoda, kila mafuta ya dawa tunayafuata na kijiko.

Na kampuni ya Baba inapima walinzi mkojo bila taarifa. Mwenzake mmoja alifeli kipimo, akatolewa getini mbele za watu. Hiyo kazi ndiyo kodi ya nyumba, ndiyo ada yangu, ndiyo kila kitu.

Nikarudi sebuleni. 

"Anko, samahani. Karatasi ya maabara ya hii dawa iko wapi?"

Akacheka. "Eti maabara! Shemeji, kumbe umezaa daktari humu?"

"Hapana Anko. Ila haikuandikwa ina CBD kiasi gani, wala nani kaitengeneza."

Mama akanifinya. "Nenda kaoshe vyombo."

"Naenda Mama. Lakini kazini kwa Baba wanapima. Anko, wakikuta THC kwenye mkojo wake, utaenda wewe kumsemea?"

"Watoto wa Joburg bwana! Tanga huyu angekuwa keshakula bakora. Weye unamjua aliyeitengeneza?"

"Simjui. Wewe unamjua?"

 Mama akaacha kunifinya.

Baba alikuwa ameshaichukua tena chupa kutoka kwangu. Nikaitoa mkononi mwake. Vidole vyake vilikawia kuiachia, na hilo ndilo lililoniuma, si maneno ya Anko. Nikairudisha kwenye begi, katikati ya udi na marashi.

"Muombe Anko radhi," Mama akasema.

"Nikuongeze chai, Anko?"

Akavaa kofia yake, akaondoka. Kabla sijamaliza vyombo, grupu lilishawaka moto.

Siku mbili Baba hakunisemesha. Ya tatu akaniuliza, anaangalia pembeni, "Hiyo iliyo nzuri wanauza wapi?"

Tukaenda duka la dawa Newtown. Mfamasia, mama mmoja mpole, hakuanza na chupa. Alianza na Baba: unakunywa dawa gani nyingine? Baba ana vidonge vya presha. Akasema CBD inaweza kugongana na baadhi ya dawa, hasa za kuyeyusha damu na za kifafa, kwa hiyo usinywe bila kumuuliza mtu wa dawa. Akatuonyesha chupa ambayo batch number yake inalingana na lab report: CBD kiasi gani, THC kiasi gani, sumu za shambani zimepimwa. Akasema za dozi ndogo zinauzwa kaunta, za dozi kubwa ni mpaka daktari.

Nikamuuliza kama isolate inamhakikishia Baba kipimo safi.

"Hapana. Hilo siwezi kumhakikishia mtu yeyote."

Baba akairudisha kaunta mwenyewe. Akanunua dawa ya kuchua ya kawaida na kuelekezwa kliniki wanapofundisha mazoezi ya magoti. Goti bado linauma, siwadanganyi.

Tukirudi, tumesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, tunasubiri kuvuka, akasema, "Ungeniambia jikoni, si mbele ya mgeni."

"Jikoni ungenisikia?"

 Taa ikabadilika, watu wakavuka, sisi bado tumesimama.

"Nisingekusikia," akasema.

Nilichojifunza ni hiki. Heshima kwa mtu wa nyumbani ni chakula, chai na salamu. Kitu kinachoingia tumboni mwa baba yangu kinaulizwa, hata kikiletwa na nani. Na dawa inayotibu magonjwa yote, kaa nayo mbali.

Mama anataka Ijumaa niende kwa Anko kuomba radhi. Siendi. Niiteni mnavyotaka, Baba leo kaingia zamu.

Wenye uzoefu wa haya mafuta, mema au mabaya, shusheni hapa tujifunze. Na wanaokuja kunitukana karibuni pia, ila kila tusi liambatane na picha ya lab report.