Koti la Tano

Fundi wetu huongea na pini mdomoni. Pini sita au saba huwa amezibana kwenye kona ya midomo, na bado anakusema vizuri kabisa, hasa kama umenenepa. Alianza kunisema nikiwa na miaka kumi na tisa, na mpaka leo sitaki aache.

Siku hizo nilikuwa mwembamba mpaka wenzangu wakaniita Sindano. Jina limebaki, ingawa mwenyewe nimeshakuwa gunia. Tulikuwa vijana watano, tunaimba kwa sauti tano na kuyumba pamoja kulia na kushoto, kitu ambacho wakati ule wasichana walikipenda sana. Wa tano tulimwita Kitinda, maana alikuwa kitindamimba kwao na kwetu pia. Alikuwa na miaka kumi na sita, sauti ya juu kuliko zote, na malalamiko mengi kuliko sisi wanne tukijumlishwa.

Fundi alikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la rangi, cherehani ya miguu karibu na dirisha, na kioo kirefu chenye ufa uliompa kila mteja kiuno chembamba. Tulipopata onyesho letu la kwanza la maana hatukuwa na kitambaa. Ukumbi wa sinema wa mtaani ulikuwa unafungwa, na mlinzi wake akaturuhusu tuchukue pazia la mbele, mahameli ya zambarau iliyojaa vumbi. Fundi alilitazama, akapiga chafya nne mfululizo.

"Mnataka niwavalishe pazia?"

Tukasema ndiyo.

"Haya, simameni wima. Sindano, pumua, baba. Sipimi mzoga."

Akatoa makoti matano. Hakikubaki hata kipande cha kufutia miwani. Tulipoyavaa mbele ya kile kioo cha uongo nilijiona nimeshakuwa mtu. Kitinda peke yake alinung'unika.

"Fundi, langu zito kuliko ya hawa."

"Vaa."

"Lina joto."

"Ni mahameli, mwanangu. Ulitaka lije na feni?"

Tukamcheka. Kwa miaka mitatu aliendelea kusema koti lake ni zito, na kwa miaka mitatu tukaendelea kumcheka. Ndiyo miaka ambayo nyimbo zetu zilipigwa redioni asubuhi na jioni, mpaka dada yangu akaomba kuhama chumba. Kisha Kitinda akashikwa na homa, na siku ya tano akafariki. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Hatukutangaza kwamba bendi imekwisha. Tuliacha tu kuitana mazoezini. Mimi nikajifunza kazi ya mabomba, mwingine akawa mwalimu, mwingine anauza vipuri, mwingine ana gereji. Kila mmoja alipooa alitaka kuvaa koti la zambarau siku hiyo, na kila mmoja alirudi kwa Fundi kupanuliwa koti. Alifumua ubavuni, akatoa kitambaa cha akiba alichokuwa amekificha ndani ya mshono, upana wa vidole viwili. "Vijana hukua," alikuwa akisema. "Fundi asiyeacha akiba akashone mifuko ya mchele." Hivyo akiba zetu zote ziliishia kwenye harusi zetu.

Koti la Kitinda lilikaa kwa mama yake.

Mwaka huu, ikiwa imepita miaka ishirini na miwili tangu Kitinda afariki, kampuni yenye kanda zetu ikaamua kutoa albamu moja ya nyimbo zetu bora, kumi na nne kwa jumla, kuanzia ule wa kwanza ambao Kitinda anaufungua peke yake kabla sisi hatujaingia. Wakataka picha ya jalada, sisi wanne ndani ya makoti yale yale. Tukaenda kwa Fundi tukicheka. Nikajaribu kufunga kifungo, kikaruka, kikagonga kioo. Fundi akachungulia ndani ya mshono wangu.

"Hapa hamna kitu. Ulishakula yote."

Tulizunguka na koti langu kama mfano kwenye maduka yote ya vitambaa. Zambarau ile haikuwapo tena. Mwenye kosa ni mimi. Mimi ndiye niliyesema, "Kuna koti la tano." Wenzangu hawakujibu, na kwa kutojibu wakanituma.

Mama Kitinda alinipokea kwa furaha iliyonichoma. Niliposema tunaliomba koti kwa ajili ya picha, uso wake ukafunguka.

"Mnamweka na yeye?"

"Tunaliomba kidogo tu, Mama."

Akalitoa kabatini, akalipiga brashi laini, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Ukilileta, litundike hivi hivi. Mabega yasikunjike." Nikaitikia. Nilikuwa nimempaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na nilijua. Njia nzima sikuthubutu kulibeba begani.

Fundi alilitandaza mezani, akashika mkasi mkubwa, kisha akanitazama juu ya miwani.

"Mama yake amekubali likatwe?"

"Amesema tulichukue."

"Sikukuuliza hilo."

Fundi akaweka mkasi chini, akaanza kuchomoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kimto chake. Sijawahi kuogopa kitu kama zile pini zilivyokuwa zikitoka.

"Sindano, nimekata nguo za watu miaka arobaini na sita. Sijakata nguo ya mtu asiyejua kuwa inakatwa. Chukua koti, twende."

Kwa Mama Kitinda alikaa kimya makusudi ili niseme mwenyewe. Nikasema. Nilisema vibaya, nikirudia maneno, nikitazama zulia. Mama akavuta koti likamlalia mapajani.

"Picha zake ninazo," akasema. "Lakini picha haina mabega. Hili nikilitundika mlangoni naona alikuwa mkubwa kiasi gani, alikuwa ananifika wapi. Mkilikata sitajua tena. Mnisamehe, wanangu."

"Wa kusamehewa ni sisi, dada," akasema Fundi.

Nikajua picha imekufa, na nikaona afadhali. Tukasimama kuaga. Lakini Fundi hawezi kutoka penye uzi unaoning'inia. Bitana ya koti ilikuwa imeachia kidogo chini, akaomba aitie mishono miwili. Akakaa tena, akapitisha kidole gumba juu ya mshono wa ubavuni, na kidole kikasimama. Akaminya. Akaenda ubavu wa pili, akaminya. Mgongoni. Kwenye mkono.

"Jamani," akasema polepole. "Dada, niruhusu nifungue bitana. Bitana tu."

Mama akaitikia kwa kichwa. Fundi akatoa wembe kwenye mkoba, akafumua kidogo, akageuza. Humo ndani mahameli ilikuwa zambarau nzito ya siku ya kwanza, haijawahi kuona jua, wakati nje ilishapauka. Akaweka vidole juu yake, kimoja, viwili, vitatu, vinne.

"Hawa wengine niliwaachia viwili," akasema. "Huyu nilimwachia vinne, kila mshono. Nilisema huyu bado mtoto, ana safari ndefu ya kukua. Nguo zimepita nyingi mikononi mwangu, nikasahau."

Ndipo nilipoisikia tena ile sauti yake ya kulalamika. Langu zito. Miaka mitatu alikuwa amevaa kitambaa cha mtu mzima ambacho bado kilikuwa kinamngoja, na sisi tukamcheka. Nililia pale pale sebuleni mwa watu, fundi bomba mzima.

Fundi hakunitazama. Alikuwa anamweleza Mama. "Nikikata hiki cha ndani, mshono siugusi. Mabega ni yale yale, kiuno kile kile, urefu ule ule. Kitakachotoka ni kile ambacho hakuwahi kukitumia."

Mama akaingiza mkono ndani ya koti, akaipapasa ile mahameli mpya kwa muda mrefu. Fundi hakumharakisha.

"Kata," akasema. "Lakini ukatie hapa, nikiona."

Mama mwenyewe alishika upande mmoja unyooke, Fundi akapitisha mkasi upande wa pili. Vilitoka vipande vinane, viwili kwa kila tumbo letu. Kisha Fundi akashona bitana kwa mkono, mishono midogo isiyoonekana, na Mama akalitundika koti mlangoni. Akarudi nyuma hatua mbili akalipima kwa macho. Lilikuwa lile lile.

Siku ya picha makoti yalifunga, mimi nikisaidiwa na kubana pumzi. Vipande vipya vilishuka ubavuni mwa kila mmoja wetu kama njia mbili za giza kwenye zambarau iliyopauka. Mpiga picha akasema asijali mtu, kompyuta itasawazisha rangi. Wote wanne tukasema hapana kwa pamoja, na ndiyo mara ya kwanza sauti zetu kutoka pamoja tangu tulipomzika mwenzetu.

Kwa Fundi sina cha kulipa shukrani yangu, nasema tu. Alitushona tukiwa si kitu, na alinizuia nisiwe mtu ambaye ningeona aibu kumkumbuka. Kwenye jalada la ndani tumeandika jina lake kwa herufi kubwa kuliko zetu. Aliliona, akasema herufi hizo zimekaa upande.

Nakala ya kwanza niliipeleka pamoja naye kwa Mama Kitinda. Tukaweka wimbo wa kwanza, na ile sauti ya juu ikapanda peke yake chumbani, huku koti likiwa pale mlangoni. Mama akavaa miwani, akashika jalada karibu na dirisha. Sura zetu hakuziangalia kabisa. Aliweka kidole kwenye ile njia ya giza ubavuni mwangu, akakipeleka kwa mwalimu, kwa muuza vipuri, kwa mwenye gereji, taratibu, mpaka mwisho.

"Kumbe amekua," akasema.