Chumba cha Mitungi ya Mafuta

Asimina ameolewa na kazi, ndivyo walivyomtania pale Livadaki, kijiji cha pwani huko Ugiriki. Mama yake alipopigwa na kiharusi, yeye ndiye aliyebaki kumgeuza kitandani na kumlisha supu ya dengu kijiko kwa kijiko, miaka kumi na mmoja. Mdogo wake, Argiris, alikuwa Ujerumani. Kila Agosti alikuja na mkewe wiki tatu, akaogelea, akala nyanya za kujazwa wali alizopika dada yake, kisha akarudi zake na madumu ya mafuta ya zeituni. Mama alipofariki, ikaonekana nyumba yao ya ufukweni kaandikiwa mtoto wa kiume.

"Usinune, dada," Argiris alimwambia. "Nani kakufukuza? Nyumba tutaipangisha kwa watalii. Wewe utakaa kile chumba cha nyuma, cha mitungi ya mafuta. Utawafulia mashuka, utawafagilia. Kodi sikudai."

"Ahsante kwa hisani yako."

"Sasa unanikejeli."

"Nakushukuru, Argiris."

Akahamia huko nyuma, kwenye dirisha moja linalotazama ukuta. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyu alikonda. Siku moja mtalii alimwuliza kwa ishara kama anatoka mbali kuja kazini. Asimina akamwonyesha kwa kidole chumba alichozaliwa. Mtalii akadhani anaambiwa kimeshasafishwa, akashukuru.

Kiangazi cha tatu, siku mbili kabla ya sikukuu ya Bikira Maria, Argiris alitokea na mkewe na masanduku yao. Nyumba ilikuwa imejaa. Tamaa ilimfanya apangishe hata zile wiki zake mwenyewe.

"Tutalala kwako," alisema.

"Kwangu wapi?"

"Chumba cha nyuma. Siku kumi tu. Wewe nenda kwa jirani yako Pagona, ana kochi."

Asimina alikuwa anaanika. Akalitandaza shuka la mwisho kwenye kamba, akalibana vizuri pande zote mbili.

"Siku ile ya mwisho mama aliniuliza, Argiris kafika? Nikamwambia yuko njiani. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kazini, dada. Punguza sauti, wageni wanasikia."

"Wasikie. Kwani wanajua Kigiriki?"

Akaingia chumbani, akafunga mlango kwa ndani. Argiris aligonga, akabembeleza, mwisho akatukana. Mkewe akamshika mkono, wakaenda kutafuta hoteli kijiji cha pili.

Septemba ikaja na mwanamke mgeni kutoka mjini, ufunguo mkononi, kasema ameajiriwa na Argiris kutunza nyumba na chumba cha nyuma ni chake. Asimina hakubishana naye. Yule naye alikuwa anatafuta riziki. Akafunga nguo zake kwenye shuka, akaenda kulala kwenye kochi la Pagona, na hapo ndipo majira ya baridi yalipomkuta.

Wiki ya Pasaka simu ya Pagona ililia. Argiris huyo, anamtaka dada yake. Asimina alikuwa mezani akipaka mayai ya Pasaka rangi, vidole vyekundu.

"Mwambie niko shamba."

"Anasema yuko shamba," Pagona akajibu, kisha akajiziba mdomo.

Upande wa pili simu ikakatwa. Pagona akaanza kuomba radhi. Asimina akachukua yai jingine, hakuinua uso.