Nguzo ya Tatu

Shangazi yangu alishona nguo kwenye baraza la Jumba la Saa tangu mimi sijazaliwa. Pale kila fundi cherehani alikuwa na nguzo yake, na wateja hawakuuliza jina, waliuliza nguzo. Shangazi alikuwa Nguzo ya Tatu. Hata marehemu mumewe, akikasirika, alimwita hivyo hivyo.

Jumba lilivuja miaka nenda rudi. Kila aliyeomba bati aliambiwa hili ni jengo la urithi, haliguswi ovyo. Basi halikuguswa, mpaka likaporomoka lenyewe, bahati nzuri siku ambayo watu hawakwenda kazini. Hapo ndipo mapenzi yalipofumuka. Wakubwa ambao hawakuwahi kulitupia jicho waliunda kamati, wakalia kwenye kipaza sauti kama waliofiwa na mama mzazi.

Kamati ikajenga bustani ya kumbukumbu. Sikatai, ni nzuri. Ina majani, ina mabenchi, na kila palipokuwa na nguzo pamechorwa duara jeupe. Kesho yake baada ya ufunguzi, shangazi alibeba cherehani yake, akaitua kwenye duara la tatu, akaanza kupinda suruali ya mtu. Mlinzi akaja mbio.

"Mama, hapa hakuna biashara. Hapa tunawakumbuka mafundi."

"Mafundi gani?"

"Wale wa zamani, waliokuwa wanashona hapa."

"Si ndio mimi?"

Mlinzi alikuna kichwa, akampigia simu mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti alikuja mwenyewe, meno yote nje. Alisema mama anakaribishwa sana, tena kila Jumamosi, wageni wapige naye picha. Ila asishone.

"Ukishona, mama yangu, hiyo ni biashara. Ukikaa tu, ni urithi."

Nilimwambia shangazi asikubali kufanywa pambo. Akaniuliza kama nina baraza la kumpa. Yeye alitumaini kwamba wakishamzoea watafumba macho, arudie kazi yake.

Jumamosi akakaa kwenye duara, cherehani haina uzi, anakanyaga pedali bure. Mara akatokea mteja wake wa siku nyingi, jasho linamtoka, gauni mkononi.

"Nguzo ya Tatu! Nimekutafuta mji mzima! Mwanangu anaolewa leo, na gauni limefumuka ubavuni. Lakini mbona hujatia uzi?"

"Mimi ni wa kukumbukwa, mwanangu. Tafuta fundi aliye hai."

Wageni wakacheka. Shangazi hakucheka. Nilimwona anavyolitazama lile gauni, nikaumia. Kisha akachomoa uzi kifuani, akautunga kwenye sindano, akashona. Mlinzi alipiga filimbi mpaka akakaukiwa mate. Shangazi hakuinua kichwa hadi mshono ulipokwisha.

Walimpiga marufuku siku hiyo hiyo. Kwenye duara la tatu wameweka sanamu ya saruji, mama anashona, na kibao kinachosema tunamkumbuka. Shangazi sasa anashonea ng'ambo ya barabara, kwenye kibaraza cha fundi pancha. Wateja wapya wakiuliza alipo, tunawaelekeza: nenda mpaka kwenye sanamu yake, halafu ipe mgongo.